Manyoya ya Waamis au maua ya jirani zao? Kama una safari moja tu Taiwan, soma hii kwanza

Picha ya mtu wa Taiwan aliyevaa nyekundu na taji jeupe la manyoya ikizunguka mtandaoni, maelezo chini yake huwa ni hayohayo, "wenyeji wa Taiwan", basi imeisha hiyo. Wakati wenyeji wenyewe serikali ya kule inawatambua makabila 16 tangu 2014, kila moja na lugha yake, na linapokuja suala la mapambo ya kichwani ndo wanatofautiana kabisa, kuna anayevaa kwa sababu ya umri, kuna anayevaa kwa sababu ya aliyemzaa, kuna aliyewinda kwanza ndo akaruhusiwa. Wengi mnaouliza mko Taiwan kwa masomo au mnapanga kupita huko, likizo ni moja, hela ni hiyohiyo, na sherehe ziko tarehe tofauti na sehemu tofauti. Huwezi kuziona zote. Sasa uende wapi?

Nimechukua wanne walio karibu karibu, mashariki na kusini mwa kisiwa: Waamis, Wapuyuma, Warukai na Wapaiwan. Waamis nimewaongelea zaidi, kwanza ndo wengi kuliko wote, zaidi ya laki mbili, na pili mambo yao ya kichwani yanachanganya watu zaidi maana yanabadilika kijiji kwa kijiji.

Vitu nilivyoangalia kwa kila mmoja ni vinne. Haki ya kuvaa inatoka wapi. Kinatengenezwa na nini na kimebadilikaje. Unakiona lini na unafikaje. Halafu mgeni anaruhusiwa kufanya nini, hapa ndo watu huharibu. Uzuri sijauweka, kila mtu ana jicho lake.

Waamis

Haki inatoka wapi: kwenye rika. Mkenya au Mtanzania hapa anaelewa haraka kuliko Mzungu. Wanaume wa Kiamis wanaingia kwenye rika wakiwa wavulana, wanapanda pamoja mpaka uzeeni, na rika ndo lilikuwa jeshi, ndo lilikuwa serikali ya kijiji, ndo lilikuwa nguvukazi. Wanaoanza wanaitwa pakarongay, wavulana wa miaka kumi na kitu, kazi yao ni kutumwa tu, chota maji, leta kuni, wamiminie wazee pombe, kimbia peleka ujumbe. Kaskazini, upande wa kaunti ya Hualien, majina ya marika yanazunguka, likiisha duru linarudi lilelile, kama Wakalenjin wanavyozungusha Maina, Sawe, Nyongi na wenzake. Kusini, upande wa kaunti ya Taitung, kila rika linatungiwa jina jipya kutokana na tukio la wakati huo, ndo maana kijiji cha Dulan kina rika lililoitwa kwa jina la Wang Ganjun, yule mwanasayansi mwenye asili ya Kichina anayejulikana zaidi kama Taylor Wang, aliyepaa angani na chombo cha Marekani cha Challenger mwaka 1985. Yaani mzee anakutajia rika lake na wewe unajua alikuwa kijana lini.

Kwa hiyo ukiangalia wanaume wamejipanga kwenye duara, mavazi na kichwa ni kama ramani ya nani mkubwa nani mdogo. Kijiji cha Kiwit, wilaya ya Ruisui kando ya mto Xiuguluan, kinajulikana kwa Ciopihay, hawa ni vijana wa rika la mashujaa na jina lenyewe limetokana na taji la manyoya meupe wanalovaa, wanacheza wakiwa na kengele miguuni unasikia ardhi inajibu. Wakuu wa vijiji huku Hualien wanavaa taji kubwa la manyoya marefu, huwezi kumkosa hata ukiwa nyuma kabisa ya umati.

Wanawake je? Hapa kuna kitu wageni wengi hawakioni. Kwa desturi ya Waamis ukoo unafuata mama, nyumba ni ya mwanamke, na zamani mwanaume akioa anahamia kwa mke. Siasa za uwanjani za wanaume, mali ya nyumbani ya wanawake. Taji la mwanamke wa kaskazini, lile jekundu lenye shanga na manyoya meupe mepesi kuzunguka, halikupi orodha ya marika kama la mwanaume, linakwambia zaidi anatoka upande gani. Ukishuka kusini rangi zinabadilika na mapambo ya maua yanaongezeka.

Kimebadilikaje: sana, na mi naona si aibu. Picha za enzi za Wajapani, waliotawala kisiwa kuanzia 1895 mpaka 1945, zinaonyesha nguo nyingi nyeusi na za rangi iliyokoza, ule wekundu wa moto tunaoujua leo umeshika kasi baadaye, hasa utalii wa ngoma ulipokua Hualien na watu wakagundua nyekundu inaonekana vizuri jukwaani. Manyoya nayo siku hizi mengi ni ya jogoo mweupe au ya kiwandani. Kuna watu wakisikia hivi wanasema "kumbe si asili", mi nawauliza kanga nayo tangu lini inafumwa nyumbani? Rika ni la kweli, duara ni la kweli, unyoya wa dukani hauliondoi hilo.

Lini na wapi: Ilisin, sikukuu ya mavuno, Julai na Agosti. Inaanza kusini Taitung na kupanda kaskazini kijiji baada ya kijiji mpaka mwisho wa Agosti Hualien, kwa hiyo kama tarehe zako ni za Julai elekea Taitung, kama ni za mwisho wa Agosti Hualien. Treni kutoka Taipei mpaka Hualien ni masaa mawili na kitu, ila tiketi za msimu huo zinaisha mapema mno. Na huo ndo msimu wa vimbunga, usipange safari ya kukaza kama kamba. Wilaya ya Guangfu, kwenye vijiji vikubwa vya Waamis vya Fata'an na Tafalong, ilipigwa na mafuriko mabaya Septemba 2025 baada ya ziwa lililozibwa na maporomoko juu ya mto Matai'an kufurika wakati wa kimbunga Ragasa, kwa hiyo ukitaka kwenda huko uliza wenyeji kwanza hali ikoje.

Mgeni: hapa kuna Ilisin mbili, usizichanganye. Kuna ile ya pamoja inayoandaliwa na serikali ya kaunti ya Hualien mwezi Julai uwanjani, taa, maspika, kila mtu anaingia kucheza, ukikosea hatua hakuna anayejali. Halafu kuna ya kijiji, ya wenyewe, ambayo vijiji vingine usiku wa kwanza ni wa kuwapokea mizimu na ni wanaume tu, mwanamke haingii, mgeni haingii, na kamera ndo kabisa. Mwanamke anaingia kwenye duara siku za baadaye, na mgeni anaingia akishikwa mkono akavutwa ndani, si kabla. Usikate duara katikati kwenda kutafuta angle ya selfi jamani. Na usimguse mtu kichwani.

Wapuyuma

Haki inatoka wapi: kwenye kupokelewa. Hawa ni wachache, watu elfu kumi na kitu, wako kuzunguka mji wa Taitung, na ile treni ya kasi inayoitwa Puyuma imechukua jina lao. Kwao cha kichwani ni taji la maua mabichi. Mwisho wa Desemba wanaume wanapanda milimani kuwinda, mangayaw, wanalala huko siku kadhaa, na wakirudi wanawake wanakuwa wamesimamisha lango la mianzi wanawasubiri na mataji. Mama anamvisha mwanawe, mke mumewe, dada kaka yake, mengine yanapandana kichwani mpaka uso unazama, na mzee anayeheshimika au kijana aliyepanda daraja mwaka huo utamjua kwa wingi wa maua.

Ila kilichonifanya niwaweke kwenye orodha ni matanga. Familia iliyofiwa mwaka huo inakaa pembeni, haichezi, mpaka wanaume wakirudi kutoka porini wanawaendea, wazee wanawaondolea msiba na kuwavisha maua. Kuanzia hapo wanaruhusiwa kucheka tena hadharani. Sijui kama kuna taji duniani linalofanya kazi nzito kuliko hiyo, na linanyauka kesho yake.

Kinatengenezwa na nini: maua ya bustani na majani ya porini, kangaga kwa wingi, yanafungwa asubuhi hiyohiyo. Hakuna la kununua ukaweka kabatini.

Lini na wapi: wiki ya mwisho ya Desemba mpaka mwaka mpya, Taitung. Nanwang ni karibu na stesheni kuliko vijiji vingine. Baridi si kali, vimbunga vimepita, usafiri ndo rahisi kuliko hawa wengine wote, labda ugumu ni kwamba watu wote wanasafiri kipindi hicho.

Mgeni: ni huku tu ambako mgeni anaweza kuvishwa bila mtu kukunja uso, maana taji ni ukarimu. Lakini unavishwa, hujivishi. Na kule kwa wafiwa usiende na simu imenyooshwa.

Warukai

Haki inatoka wapi: kwenye ulichofanya, na nyuma yake kuna ukoo. Warukai wako milimani kaunti ya Pingtung, kusini, wilaya ya Wutai ndo moyo wao, na alama yao ni ua moja la lili jeupe lenye umbo la tarumbeta. Mwanaume wa kawaida alilipata akishaua nguruwe pori dume watano au sita, idadi inategemea kijiji, si wa kufuga, wale wenye pembe wanaorudi kukushambulia. Mwanamke alilipata kwa heshima ya mwenendo, familia inapeleka kwa chifu nguruwe na mikate ya nafaka, inafanyika sherehe mbele ya kijiji kizima, kuanzia hapo anavaa. Akivunja mwenendo huo, ananyang'anywa.

Nitasema ninachofikiri: mizani hii haiko sawa, mwanaume anapimwa kwa porini na mwanamke anapimwa kwa chumbani, na vijana wa Kirukai wenyewe wameshaanza kuuliza. Lakini kama unataka kuelewa jamii inayoandika sheria zake kichwani mwa mtu, huku ndo kwenyewe. Jinsi ua lilivyowekwa na mangapi yapo, kila kitu kinasomeka. Mtu asiye na haki akilivaa ni sawa na kuvaa medali ya vita ambayo hujapigana.

Kimebadilikaje: maua ya bandia yapo mengi maana lili halichanui mwaka mzima. Uwindaji ndo tatizo, sheria za bunduki na wanyamapori ni kali, na Mei 2021 Mahakama ya Katiba ya Taiwan kwenye uamuzi wake namba 803 ilikubali kuwinda ni sehemu ya utamaduni wa wenyeji lakini ikaacha vizuizi vingi mahali pake, kwa hiyo kijana wa leo anawafikishaje hao watano? Juu ya hapo kimbunga Morakot cha Agosti 2009 kilifuta vijiji, watu wa Haocha na wengine walihamishiwa bondeni Rinari, mbali na msitu.

Lini na wapi: mavuno ya Wutai ni Agosti. Unapanda kutoka Pingtung kwa barabara namba 24, unajaza fomu ya kibali cha kuingia mlimani kituo cha polisi njiani, unapita daraja refu la Guchuan lililojengwa baada ya Morakot. Basi ni chache mno, tafuta mwenye gari. Mvua ikinyesha sana barabara inafungwa, imeisha hiyo safari.

Mgeni: angalia, sikiliza, kula. Usiweke lili kichwani. Hata la plastiki. Hata kama muuzaji amekwambia poa tu.

Wapaiwan

Haki inatoka wapi: kwa waliokuzaa. Ni wa pili kwa wingi baada ya Waamis, na jamii yao ina machifu, makabaila na watu wa kawaida, mtoto wa kwanza ndo mrithi awe wa kike au wa kiume. Unyoya wa tai wa milimani ni wa ukoo wa chifu, na mistari ya pembetatu kwenye unyoya wenyewe wanasema inafanana na mgongo wa yule nyoka mwenye sumu wa hatua mia, ambaye kwao ni babu. Kwa hiyo unyoya unabeba ndege na nyoka kwa pamoja, na bei yake ni ya kutisha.

Kinatengenezwa na nini: mbali na unyoya kuna meno ya nguruwe pori, shanga za kioo, na zamani meno ya chui-mawingu wa Taiwan, ambaye watafiti walitangaza 2013 kwamba hayupo tena kisiwani. Tai naye analindwa kisheria na ni adimu, ndo maana siku hizi kuna manyoya ya kuigiza yaliyochapishwa kwa uangalifu mstari kwa mstari, na familia za machifu zimeanza kuyakubali. Hili ni zuri sana, mi nadhani ndo mfano bora wa utamaduni na uhifadhi kukaa meza moja.

Lini na wapi: sherehe kubwa, maljeveq, ni kila miaka mitano, Oktoba, vijiji vya Gulou na Tuban ndo maarufu, mizimu inashuka na wanaume wanachoma mipira ya nyuzi za mmea kwa mikuki mirefu ya mianzi. Ukiikosa unasubiri. Nje ya hapo harusi za Sandimen na Laiyi, wilaya zao za Pingtung, ambazo huendi bila mwaliko, au ile hifadhi ya utamaduni ya Majia, Pingtung, iliyofunguliwa 1987.

Mgeni: kununua shanga ruksa, hizo wanatengeneza kwa biashara. Unyoya halisi usinunue kabisa, ukikamatwa uwanja wa ndege na sehemu ya ndege anayelindwa shauri yako.

(Watao wa kisiwa cha Lanyu wenye kofia za fedha zinazofunika uso mpaka macho yanachungulia tundu nimewaacha makusudi. Ni bahari nyingine kabisa, wanastahili andiko lao.)

Sasa uende wapi

Kama nyumbani kwenu marika yapo, au unasoma sosholojia na unataka kulinganisha na Wamasai, Wameru au Wakalenjin, nenda kwa Waamis, na usiishie ile ya uwanjani, tafuta rafiki wa kijiji akutangulie. Kama una watoto au ni mara yako ya kwanza na unaogopa kukosea, basi hiyohiyo ya uwanjani Hualien ndo yako, haina ubaya, ila ujue unachoangalia ni onyesho.

Kama likizo yako ni ya Desemba hakuna mjadala, ni Taitung kwa Wapuyuma. Pia kama umefiwa karibuni, nadhani utaelewa pale langoni kitu ambacho sisi wengine hatutakielewa.

Mtu wa sheria, au anayefuatilia mambo ya jinsia na haki za wenyeji, aende Wutai, lakini akae siku mbili tatu azungumze na watu, ukienda na kurudi siku hiyohiyo utarudi na picha ya ua tu. Mwenye gari awe na subira, asiye na gari afikirie mara mbili. Anayependa ufundi wa mikono, shanga, mbao, au uhifadhi wa wanyama, Sandimen na Majia hazimwangushi mwezi wowote ule, haitegemei sherehe.

Na kama huwezi kutoka Taipei kabisa, jumba la makumbusho la Shung Ye, mkabala na lile kubwa la Kasri la Taifa, limefunguliwa tangu 1994 na vitu vya makabila haya viko pamoja, unaviona kwa mchana mmoja. Taitung nako kuna makumbusho ya taifa ya historia ya kale. Utakosa vumbi na kelele lakini hutasimama njiani mwa mtu.

Wabunifu wa nguo na wale wa vikundi vya ngoma, neno moja kwenu: tangu Desemba 2007 Taiwan ina sheria inayolinda ubunifu wa jadi wa wenyeji, nyimbo, ngoma na michoro ya mavazi imo, na kabila au kijiji kinaweza kusajili haki zake. Ukitaka kutumia taji la Kiamis kwenye shoo yako Dar au Nairobi, andikia kijiji husika uombe kwanza, wataje, na ukijibiwa hapana tafuta wazo lingine.